Mkeka wa Jua

Seli thelathini na sita tulizinunua Makoroboi,
mtaa uliopewa jina la vibatari vya makopo,
kwa kijana anayeuza pia rimoti zisizo na mifuniko.
Zilikuwa mabaki, zimemeguka pembe,
nyembamba kama kaukau.
"Shika kwa pumzi," alisema Mbuke, "usishike kwa vidole."
Nikashika kwa vidole.
Zikabaki thelathini na tano,
nikarudi mjini kwa miguu kununua moja.

Mama alikuwa mlangoni na cherehani yake.
"Baba yenu alipasua mwamba hapa Bugarika miaka minne
apate pa kuweka msingi, tusilale nje.
Leo ninyi mnatoa nauli mkalale nje?"
Akacheka mwenyewe. Kisha akauliza
turubai lishonwe mifuko mingapi.

Siku tatu tulilehemu sebuleni,
moshi wa risasi ukahamia kwenye pazia.
Utepe hutoka uso wa seli moja
ukaingia mgongoni mwa inayofuata,
uso, mgongo, uso, mgongo,
kama wasichana wanaosukana kwa mstari barazani.

Tukalitoa uani. Mita ikasoma volti kumi na saba.
"Kumi na nane," alisema Mbuke.
"Nusu mara thelathini na sita. Hesabu ya darasa la tano."
Mimi ningeridhika na kumi na saba.
Tulitafuta tangu saa nne
hadi kivuli cha jabali kikavuka kamba ya nguo,
ndipo tukampata, seli wa ishirini na mbili,
amelala kinyume,
anachota walichotia wenzake.

Ikabaki diodi, ndogo kuliko punje ya mchele:
mlango wa kuingia tu.
Bila hiyo, Mbuke alieleza, usiku ukifika
turubai hurudi kwenye betri
kunywa lilichochangia mchana.
"Namjua mjomba wa hivyo," nikasema.
Cherehani ikanyamaza.
Kisha ikaendelea, kwa kasi zaidi.

Kayenze tulilikunjua juu ya mwamba.
Pimbi watatu walitutazama bila haya;
kazi yao na ya mkeka wetu ni moja,
kuota jua.
Mmoja akashuka, akaketi
juu ya seli moja, moja tu,
na umeme wa zote ukaporomoka.
Mbuke alimsihi kwa Kiswahili, akamsihi kwa Kisukuma.
Aliondoka alipotaka yeye,
akatuachia kokwa zake mfukoni mwa Mama.

Saa kumi jioni betri ya pikipiki ilikuwa imeshiba.
Giza lilipokamilika tukawasha:
taa moja, nyeupe, ikiuma macho,
nikaona mikono ya dada yangu,
lile kovu jipya la pasi kwenye kidole gumba,
na nikataka kusema jambo.

Ziwa likaja.
Si maji. Wale wadudu wake,
ambao mchana huinuka mbali kama moshi wa tanuri,
walitushukia wote
kwenye chai, kwenye ugali, ndani ya sikio,
mlio wao kama mvua isiyo na uzito.
Mbuke akazima.

Wiki sita za kazi, dakika mbili za mwanga.
Tulikula gizani tukitema mabawa,
tukicheka kwa mdomo uliofumbwa.
Lile jambo sikulisema; gizani halikuhitajika sana.

Simu ikaita, imejaa pomoni jua la mchana ule.
"Taa inawaka?" Mama aliuliza.
Mbuke aligeukia upande wangu, nilisikia turubai likikwaruza.
"Inawaka, Mama. Inawaka mpaka wageni wamekuja."
"Basi wakaribisheni chakula."
"Wameshajikaribisha."